Tuzo ya Oslo, Ukumbi wa Irving

Mdogo wangu alipotajwa miongoni mwa waandishi wanne wa mwisho wa tuzo ya taifa ya vitabu huko Norwe, kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa Dallas, Marekani, lilimpa ushindi siku hiyo hiyo. Niliandika pale kwamba bado, ameteuliwa tu, na wenzake watatu nao hawakuandika upuuzi. Nikajibiwa kwa picha za vikombe na vigelegele vya kurekodiwa. Kufikia jioni kulikuwa na kamati.

Sisi ni watu wa kamati. Tupe jambo lolote, tutachagua kwanza mwenyekiti na mweka hazina, ndipo tutauliza jambo lenyewe linahusu nini. Mwenyekiti alikuwa jirani yangu wa Cedar Hill, nje kidogo ya Dallas, nesi Mkenya, mama mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti lakini asiyekubali kukiachia. Yeye ndiye aliyechagua kitenge cha sare, kijani chenye maua ya manjano, na yeye ndiye aliyeagiza keki yenye maandishi ya "Hongera Mshindi". Nilimuuliza itakuwaje asiposhinda. Akaniambia nisilete mkosi.

Watu wa Houston walitaka sherehe iwe kwao Alief, wakidai wana ukumbi mkubwa na mbuzi wa uhakika. Tuliwashinda kwa hoja moja tu. Oslo ikiwa jioni, kwetu ni mchana wa siku ya kazi, na nusu ya watu wetu wanafanya kazi uwanja wa ndege. Ukumbi wa Irving uko jirani na uwanja huo, wangeweza kuchomoka kati ya zamu na kurudi. Houston wakakubali, ila wakasema na wao lazima watoe kitu. Wakamtoa Mkongo mmoja aliyekaa Norwe miaka kumi kabla ya kumfuata mkewe Houston. Angekuja kututafsiria kila kitu papo hapo, neno kwa neno. Kundi zima likashangilia. Mimi nikaweka simu chini.

Hapa inabidi nieleze habari za mama.

Mama anaishi nami Cedar Hill mwaka wa tisa sasa. Jumapili ya kwanza aliposimama kanisani kujitambulisha, alisema alifanya kazi miaka kumi na mmoja na Wanorwe wa mradi wa maji, Sumbawanga. Ilikuwa kweli tupu. Ni watu ndio waliomjengea ofisi. Mmoja alisema lazima alikuwa karani, mwingine akampandisha kuwa katibu muhtasi, na baada ya miezi mitatu umoja wa wanawake ukamchagua kuandika kumbukumbu za vikao. Mama hakukanusha. Aliziandika, tena kwa mwandiko mzuri. Nami sikukanusha. Nitasema ukweli, nililipenda jina lile. Nilipenda kuwa mtoto wa katibu muhtasi.

Mama alikuwa mfanyakazi wa ndani. Mhandisi wa mradi ule alikuwa na mke na watoto wawili, na mama aliwapikia, akawafulia, akawalea wale watoto, wakati mimi na mdogo wangu tulishinda kwa bibi. Hilo ndilo nililolijua, na mdogo wangu alilijua. Kitabu chake kilikuwa juu ya hilo hilo.

Alinipigia simu mwenyewe kuniambia.

"Dada, kitabu kinahusu mama na ile nyumba."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama kina picha."

Niliwaka. Nilimwambia yeye yuko Oslo, akishamaliza kusoma anapewa maua na kurudi kwake, lakini mimi ndiye ninayekaa na mama kwenye benchi la kanisa. Nilimwambia mama ana umri wa kuheshimiwa, si wa kuanikwa. Nikamwambia pia lile ambalo lilinikaa rohoni muda mrefu zaidi, kwamba kama lazima aandike habari za mama, kwa nini asiandike kwa Kiswahili mama akasoma mwenyewe? Akasema, "Sijaandika aibu yoyote, dada." Nilikata simu. Nilikuwa najivunia yule mtoto tangu anajifunza kutembea, na siku ile sikumwambia hata neno moja la hongera.

Badala yake nilitafuta namba ya yule Mkongo. Nilimsalimia vizuri, nikamweleza kwamba mdogo wangu akipanda jukwaani atasoma kurasa mbili, na kwamba mdogo wangu akifika kwenye habari za jikoni, yeye aseme ofisini.

"Dada," akaniambia kwa upole, "mi natafsiri ile mutu anasema. Akisema cuisine, nitasema bureau namna gani?"

"Ni kwa ajili ya mama yetu."

"Ni mama yenu, na ni mutoto yake mwenyewe anasema mambo yake."

Nilibembeleza mpaka nikajionea aibu. Mwishowe akavuta pumzi. "Bon. Pale nitapita mbio mbio. Lakini kudanganya, hapana."

Siku yenyewe ilipofika, ukumbi ulikuwa kijani na manjano kuanzia mlangoni mpaka chini ya skrini kubwa ya kuonyesha Oslo moja kwa moja. Watu walikuwa na beji za kazi shingoni juu ya vitenge. Mama alikaa mstari wa mbele, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nilikuwa kwenye meza ya sambusa nikiangalia mlango, ndipo simu yangu ikalia.

"Dada, niko nasimama tu," akasema yule Mkongo. "Camion imeanguka mbele yetu, barabara yote ya quarante-cinq, ile namba arobaini na tano ya kutoka Houston, imefungwa. Hakuna gari inatembea."

Nilimpa pole, nikauliza kama dereva wa lori ni mzima, akasema ni mzima, amekaa pembeni anavuta sigara. Basi nikaenda chooni nikafunga mlango nikamshukuru Mungu. Hakuna mtu ukumbini aliyejua hata neno la Kinorwe. Mdogo wangu angesoma, tungepiga makofi, tungekula mbuzi, na mama angerudi nyumbani na ofisi yake.

Alipotokea kwenye skrini ukumbi ulilipuka, maana alikuwa amevaa sare yetu. Mwenyekiti alikuwa amemtumia kitenge kwa posta bila kumwambia mtu. Huko nyuma yake kulikuwa na watu wa suti nyeusi na magauni meusi, na katikati yao yule mtoto wa Sumbawanga kwa kijani na manjano. Nilimsahau kabisa Mkongo na lori lake.

Akafungua kitabu, akaanza kusoma. Sisi tulitulia kama watu wanaosikiliza sala ya dini nyingine, kwa adabu na bila kuelewa. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa kila alipopumzika. Nilikuwa nimeanza kulegea mabega.

Mama akacheka.

Hakukuwa na kitu cha kuchekesha kwenye skrini. Wala hakikuwa kicheko cha adabu, alicheka kwa sauti, peke yake, na sekunde moja baadaye watu wa Oslo nao wakacheka. Nikamtazama. Midomo yake ilikuwa inakwenda na maneno ya mdogo wangu. Kisha akatoa leso mkobani akajifuta macho, na Oslo nako kukawa kimya.

Nilijua mama aliishi na lugha ile jikoni. Nilidhani aliiacha huko huko, miaka mingi iliyopita, pamoja na aproni.

Mwenyekiti hakosi kitu. Mdogo wangu alipomaliza na makofi yalipokwisha, aliinama kwa mama na kipaza sauti chake. "Mum! Kwani umeelewa hiyo maneno yote?"

"Nimeelewa," mama akasema. "Ameandika kwa maneno mepesi."

"Haya tuambie basi, translator wetu amekwama kwa jam!"

Mama akakipokea kipaza sauti kwa mikono miwili. "Anasema jioni mama yao alikuwa anarudi amechoka. Anawakuta kwa bibi wamekaa chini, wachafu. Anawaambia wanawe mikono waje kula. Lakini kwa kuchoka anawaambia kwa maneno ya ile nyumba aliyotoka. *Vask hendene.* Na wao wananawa. Siku zote wananawa. Hawakujua kuwa ni Kinorwe. Walidhani ndivyo mama yao anavyosema." Akatabasamu. "Mwalimu shuleni akamwambia mdogo kwa Kiswahili anawe mikono, yeye akamsahihisha mwalimu. Hapo ndipo nilipocheka."

Nilisimama pale kwenye sambusa nikikumbuka. Ndoo ya bluu, sabuni ya kipande, sauti ya mama mlangoni. Nilinawa kwa neno lile miaka yote ile, na nilikuwa nimelisahau mpaka mama alipolitamka mbele ya watu Irving. Mdogo wangu hakulisahau. Niliona aibu kwa yote niliyomwambia kwenye simu.

"Wah," mwenyekiti akasema. "Na wewe Mum hiyo lugha ulijifunzia wapi? Huko kwa ofisi?"

Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu lilitakiwa, na hata halikuwa la kwake, alishatafuniwa. Nilimwomba kimoyomoyo alichukue. Mama alisimama, akanyoosha kitenge.

"Ofisi gani? Mimi sijawahi kufanya kazi ofisini. Nilikuwa dada wa kazi kwa mhandisi. Nilifua, nilipika, nililea watoto wake. Miaka kumi na mmoja. Lugha yao niliipata hapo hapo, kwenye sufuria na nepi. Nyinyi mlisema ofisi, mimi nikanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikuwa kosa langu. Mtoto wangu hakunyamaza."

Nilianza kuweka chini koleo la sambusa nimwendee, nimchukue nyumbani, nimtukane yeyote atakayeguna. Nilikuwa tayari kabisa.

Mwenyekiti ndiye aliyenitangulia. "Mum, wacha nikwambie. Hapa wote wananijua ni nesi, na kwetu wanadhani niko theatre ya kupasua watu na ma-surgeon. Mimi huosha mzee mmoja huko Plano. Namlisha, namvalisha. Na huyo mzee hataki mtu mwingine amguse!"

Sijui nani alianza kucheka. Mzee wa kanisa letu akasimama na kusema yeye anasukuma viti vya magurudumu uwanja wa ndege, lakini kadi za harusi kutoka nyumbani zinamwita meneja wa shirika la ndege, na hajawahi kurudisha hata moja. Watu walipiga meza. Mabinti waliozaliwa hapa waliulizana kwa Kiingereza kulikoni. Wanawake wa umoja walimzunguka mama, na katibu wao mpya, wa zamani, sijui nimwiteje, alikuwa amesimama katikati yao kidevu juu. Nimewahi kumuona mama siku ya harusi yangu na siku ya mahafali ya mdogo wangu. Sikuwahi kumuona hivyo.

Kisha mtu akapiga kelele kwamba wanatangaza. Safari hii hakuna aliyetazama skrini. Wote walimtazama mama, hata mimi. Alisikiliza, kichwa kimeinama kidogo.

"Wamempa mwenzake," akasema. "Yule wa miwani."

Ukapita mguno wa masikitiko. Mwenyekiti aliitazama keki, akasema keki italiwa kama ilivyoandikwa, na hakuna aliyebisha.

Haukupita muda mdogo wangu akapiga kwa video. Alikuwa kwenye korido, macho mekundu, kitenge kimekunjamana. "Dada, samahani. Mama yuko wapi? Mkalimani alimwambia nini?"

"Mkalimani alikuwa yeye," nikamwambia. "Amekutafsiri mwenyewe mbele ya watu wote. Na mimi najivunia wewe, nilipaswa kukwambia siku ile. Nisamehe."

Akaanza kulia. Mama akaninyang'anya simu, mkono mwingine bado umeshika kipaza sauti, na haikumpitia akilini kukizima. Alizungumza naye Kinorwe, kirefu, kwa sauti ya mtu aliye kwake. Mdogo wangu alikuwa analia na kucheka pamoja. Mimi sikuambulia kitu, na wala sikuona wivu. Halafu mama akageukia Kiswahili, ili na sisi tusikie.

"Ila kitabu chako kina kosa. Pale uliposoma, umeniita msaidizi wa jikoni."

"Mama, nilidhani..."

"Ulidhani. Rekebisha wakichapa tena. Pale hapakuwa na mwingine wa kumsaidia. Mpishi nilikuwa mimi."