Shayiri Sebuleni kwa Shangazi

Shayiri ikifungiwa chumbani hutoa harufu ya majani makavu yenye utamu kidogo ndani yake, kama uji uliopoa. Msimu ule nyumba ya shangazi yangu Ruth, pale Usagara mjini Tanga, ilinuka hivyo tangu mlangoni. Magunia yalikuwa yamepangwa sebuleni hadi usawa wa dirisha, makochi yamesukumwa ukutani, na luninga imepandishwa juu ya gunia, ikawa kila anayeitazama inambidi anyanyue shingo. Mimi na baba tulilala kwenye mkeka katika nafasi iliyobaki. Nje kulikuwa na jua na joto la pwani, lakini hewa ilikuwa nzito, ile hewa inayofanya chumvi ya mezani igandamane kikoponi, na kila asubuhi kabla ya kunawa uso baba alitumbukiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, akatulia kama daktari anayesikiliza kifua cha mtu. Alikuwa anatafuta joto. Nafaka ikianza kupata joto ndani ya gunia, maana yake imeanza kuharibika. Nilijifunza kusoma uso wake kabla hajautoa mkono.

Kwetu ni milimani, juu huko Lushoto, na baba alikuwa amelima shayiri kwa miaka kwa mkataba na kiwanda kimoja cha bia. Wao walileta mbegu, wakasema ipandwe lini na ivunwe lini, na lori lao likaja kuchukua. Sisi ni Walutheri, na baba hajawahi kuonja bia, lakini hilo halikumkosesha usingizi. Mwaka ule, shayiri ikiwa tayari imeshapurwa, alikuja bwana mmoja kwa pikipiki, akawakusanya wakulima kwenye uwanja wa kanisa, akawaeleza kwamba mkataba umekwisha na kwamba kuanzia sasa soko ni huria, kila mtu auze anakotaka. Wakulima walipiga makofi. Hata mimi nilipiga. Mpaka leo najiuliza tulikuwa tunashangilia nini, maana hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza huko tunakotaka ni wapi.

Babu yangu aliteremka milimani akiwa kijana kwenda kukata mkonge, na baba alizaliwa kambini, kwenye chumba kimoja kisichokuwa na dirisha. Aliondoka huko akiwa ameapa kwamba watoto wake hawatalala katika vyumba vile. Siku tunapakia magunia, nilimsikia akimwambia mama kwa sauti ya chini, "Hii isipouzika, tutakula nini? Narudi mkonge, na nyie mtanifuata." Mama aliendelea kufunga kamba. Basi nilishuka Tanga nikiwa najua kilichomo ndani ya yale magunia: ni nyumba yetu.

Tulikuwa na ngano kidogo pia, na ngano haikutusumbua. Wanawake wa mjini waliigombania kwa ajili ya bokoboko, ile ngano inayopondwa na nyama, wakaichambua viganjani, ikaisha. Shayiri ndiyo ilibaki. Tulizunguka nayo dukani hadi dukani, baba amebeba sampuli kwenye mfuko wa rambo, na muuzaji mmoja akamwuliza kama ni chakula cha kuku. Baba akacheka kwa heshima. Muuzaji hakuwa anatania, alitaja bei ya pumba. Tuliporudi, shangazi alimtazama kaka yake akivua viatu mlangoni akasema, "Kaka, jana mwenyekiti wa jumuiya alikuja kusali hapa. Amekalia shayiri, ameegemea shayiri. Nimemwambia ajihesabu ghalani." Baba alitabasamu, halafu akaenda moja kwa moja kutumbukiza mkono. Safari hii aliuchelewesha sana.

Shangazi ndiye aliyekumbuka kwamba Ramadhani inakaribia na kwamba nyumba nyingi za Chumbageni hupika uji wa shayiri kwa ajili ya kufuturu. Akatupeleka kwa Bi Zuwena, mama mwenye asili ya Oman ambaye ukoo wake umeuza nafaka na viungo mtaani hapo tangu zamani. Njiani alimwonya baba: "Kule usitaje bia. Hata kwa bahati mbaya." Baba akaitikia. Bi Zuwena alikuwa ameketi nyuma ya meza, amezungukwa na iliki na mdalasini. Baba na shangazi walimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanigeukia. "Na wewe kibinti, mbona umenuna? Wamekunyima chai?" Akachukua punje moja kutoka kwenye mfuko, akaing'ata kwa meno ya mbele. "Nzuri," alisema. "Ina maganda, lakini nzito."

Baba alipata moyo kupita kiasi. Akatoa mfukoni kitambaa kibichi, akakikunjua mezani. Ndani yake kulikuwa na punje zilizotoa vijimizizi vyeupe, zote, hakuna hata moja iliyolala. Lazima nieleze. Kiwandani hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha kila kitu. Bia huanza kwa punje kuchipua, kwa hiyo mkulima ambaye shayiri yake haikuota alirudishwa nayo. Baba aliianika kivulini juu ya mikeka, akaigeuza kwa mikono, akatugombeza tulipoisogeza kwenye jua kali. Kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha haifi. Kwa macho yake, alikuwa amemwekea Bi Zuwena mezani cheti cha daraja la kwanza.

Bi Zuwena aliurudisha mkono wake kifuani. "Hiki ni kimea."

"Ni kuonyesha tu, mama. Kwamba iko hai."

"Nani anayetaka shayiri iliyo hai?"

Shangazi alikohoa. Baba angeweza kusema lolote, angeweza kusema ni desturi ya kwetu milimani, na mimi nilimwomba moyoni aseme hivyo. "Kiwanda cha bia," alijibu. "Tulikuwa tunawalimia wao."

Bi Zuwena aliikunja ncha ya mtandio wake. "Walinunua hii?"

"Waliikataa."

"Basi hujawauzia. Shayiri nimeinywa tangu sijaota meno, haijanilevya." Akakisukuma kitambaa kwa kidole kimoja. "Lakini nikipeleka majumbani kitu kinachochipua, watasema Zuwena anauza kimea cha pombe mwezi wa toba. Niletee iliyokufa. Iliyokobolewa, nyeupe. Uilete mwezi haujaandama, ukiandama usije."

Tulipeleka gunia la kwanza kwenye mashine ya kukoboa. Shayiri ilikuwa imenyonya hewa ya Tanga ikawa laini, mashine ikaitoa imepondeka kama matapishi. Yule wa mashine akasema ikaushwe mpaka ilie kama changarawe. Kwa hiyo baba alifanya kile alichotukataza miaka yote. Alitandaza shayiri juu ya mabati, kwenye jua la mchana, bati likiwa la moto kiasi kwamba hukuweza kuliwekea mguu, na akasimama kando anaitazama. Hakuigeuza, shangazi ndiye aliyeigeuza. Jioni alitia punje nyingine kwenye kitambaa, na hata siku zilizofuata hakuna kilichoota. Mashine safari hii iliitoa nyeupe. Bi Zuwena aliing'ata, akasema, "Leteni yote."

Yote ilikuwa na maana moja zaidi. Baba alikuwa amelificha gunia moja nyuma ya kochi kwa ajili ya mbegu, maana hakukuwa tena na lori la kutuletea. Alikuwa ameshika kamba yake, hafungui, haachii, mwezi unakaribia kuandama. "Ukiipanda," shangazi aliuliza bila utani wowote, "utamwuzia nani?" Baba alilifungua mwenyewe. Siku ile hakula.

Hatukwenda kambini. Tulirudi milimani tukiwa na mahindi ya kutufikisha mavuno mengine, na tangu hapo shamba letu halijaota shayiri. Chuoni nilisoma uchumi, na mara nyingi nilisikia habari za wakulima waliojua kubadilika, zikisimuliwa kama ushindi. Kwa maneno hayo baba naye alishinda. Niliwahi kuuliza darasani mtu abadilike mara ngapi ndipo aruhusiwe kupumzika, nikaambiwa swali langu halihusiani na mada. Bado sijui kwa nini halihusiani. Sidai kwamba zamani ilikuwa bora, tulikuwa kwenye kiganja cha mtu mmoja naye akakifungua siku aliyotaka. Ila zamani baba alijua anachotakiwa kufanya vizuri. Amepanda kabichi, akapanda nyanya, akapanda kitunguu saumu, kila kimoja mwaka ambao kila mtu alikipanda. Mwezi uliopita alinipigia simu, mzee aliyeshika jembe kabla mimi sijazaliwa, akaniuliza apande nini. Mimi ninayehoji kila kitu nilimwambia karoti, kwa sauti ya mtu anayejua. Amepanda shamba lote. Sasa kila asubuhi, kabla sijatoka kitandani, nafungua simu kutazama bei ya karoti, na leo imeshuka tena.