Tonton Hanamutu

Mwaka huu tena, tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu Wote, nimekwenda makaburini. Nikuambie ukweli, rafiki yangu, nilikwenda kwa kujikokota. Simu zilianza kulia kabla sijanywa chai. Mdogo wangu wa Goma, ambaye kwake mimi ni Yaya, dada mkubwa: "Yaya, usisahau Koko." Wa Kinshasa naye: "Yaya, utuombee na sisi kule." Koko ni bibi yetu aliyetulea sote, na mimi ndiye niliyebaki Kisangani, donc kazi ni yangu. Magoti yangu hakuna aliyeyaulizia.

Zamani siku ile ilikuwa tamu, usione ninavyolalamika sasa. Alfajiri tuliamshwa na mchi: Koko anatwanga ndizi za lituma, anazifunga kwenye majani pamoja na samaki wa moshi, chakula cha kulia huko huko kati ya makaburi. Yeye alibeba jembe, sisi kupekupe ya kukatia majani, mishumaa, na chupa ya maji ya baraka. Njia nzima mvua ya usiku ilitulowesha miguu. Tukifika, unasikia majembe yakikwaruza kila upande, watu wanasalimiana, wanaazimana viberiti, na huku wimbo unaanzia kwa familia moja na kumalizikia kwa nyingine. Padri alipita akinyunyiza maji kwa tawi la majani, nasi watoto tulisukumana ili tone litupate. Nilikuwa naona raha kuliko Noeli.

Tukishapalilia makaburi ya wetu wote, tulisali rozari, na mwishoni Koko alisema neno lile lile kila mara: "Sasa tuombee ule hana mutu." Alimaanisha roho ile toharani isiyo na mtu wa kuiombea. Lakini mimi, kwa masikio yangu ya utoto, nilisikia jina. Nilijua tuna tonton, yaani mjomba, wa Opala, tuna tonton wa sokoni, na huyu wa tatu, Tonton Hanamutu, marehemu. Nikajiuliza mbona haonekani kwenye picha ukutani. Siku moja nikamuuliza Koko kaburini mbele ya watu: "Koko, Tonton Hanamutu alikufaka na nini?"

Koko alicheka mpaka akaegemea jembe. Kisha akajifuta macho na kitambaa cha kichwani, akanijibu taratibu: "Na njaa, mutoto wangu. Njaa ya maombi."

Basi tangu hapo nyumba nzima ilimwita hivyo. Koko mwenyewe akamchagulia kaburi, moja la pembeni lisilo na msalaba, lililozungushiwa mawe tu. Alilipalilia kama la ndugu yake, akaliwashia mshumaa, akaliwekea kipande cha lituma ambacho sisi tulikila akigeuka. Alizoea kusema: "Maiti ya mwenzio ni jirani ya maiti yako." Naye alipokufa tulimzika karibu na mawe yale, kwa kuwa nafasi ilikuwepo, na pia tuliona atapenda.

Bon. Mji ukakua. Misalaba ya mbao ililiwa na mchwa, ya chuma ikang'olewa, sijui na nani, na majani yakafunika kilichobaki. Halafu zikaja nyumba. Mwaka jana bado nilikisia mahali. Mwaka huu nilizunguka na kupekupe yangu mkononi hadi nikajikuta mbele ya ua wa mabati mapya, na mawe yale ya kaburi la pembeni yameshikilia mlango usijifunge na upepo. Nilichoka ghafla. Sikuwa hata na nguvu ya kukasirika. Niliwaza tu kwamba Koko, aliyewaombea watu asiowajua maisha yake yote, sasa ndiye hana mutu.

Mwenye nyumba, mama kijana aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akaniona nimesimama na kupekupe. Nadhani aliogopa. Nikamwambia nimemfuata bibi yangu. Akaacha mchi, akaniletea kiti cha plastiki.

"Mama, ukae. Wakati walituuzishaka hii parseli ya kujenga, ilikuwa majani tupu. Hatukuona musalaba ata moya."

Nilimwamini. Uso wake ulikuwa umechoka kama wangu. Nikasali rozari pale uani, kando ya kinu, kuku wakinipita miguuni, naye akaitikia hadi mwisho bila kuniuliza kitu. Nilipoinuka akasema: "Jina yake nani, Mama? Nikijua jina, nitakuwa namuombea wakati nasali."

Kwetu hutamki jina la bibi yako. Unamwita Koko mpaka anazikwa. Sikuwahi kulitoa mdomoni mwangu. Nililisema polepole, likanitoka kama kosa. Yule mama akalirudia, akalikosea, nikamsahihisha. Akamwita binti yake aliyekuwa akifua, akamfundisha naye. Hapo ndipo machozi yalinishika.

Majembe yale siyasikii tena, na wale wa kuazimana nao viberiti wametawanyika kama ndugu zangu. Mwakani nisipofika, kuna mwanamke nisiyemjua, anatwanga sombe juu ya Koko wangu, na jina analo.