Uso Niliompelekea Mama

Mwaka niliokuwa darasa la saba, shule yetu ilivuna maharage mpaka stoo ikakosa pa kukanyaga, na mwalimu mkuu akaamua yapelekwe Kirando yakabadilishwe na dagaa. Ilikuwa miaka ya elimu ya kujitegemea. Tulilima kuliko tulivyosoma, na tulichokula mchana shuleni kilitoka kwenye mikono yetu wenyewe. Lori la kijiji lingeshuka ziwani Ijumaa asubuhi na kurudi Jumapili, na darasa la saba lote lingepanda juu ya magunia, ndiyo shukrani yetu kwa kulima. Watoto wa huku juu Ufipa wengi tulikuwa hatujaliona ziwa hata siku moja. Darasa zima lilipiga kelele, na mimi nilipiga kuliko wote, kwa sababu mama yangu alikuwa Kirando.

Baba alifariki nikiwa na miaka minane. Ndugu zake walitaka mama arithiwe na baba mdogo. Mama akakataa mbele ya kikao, akafunga mzigo wake, akarudi kwao ziwani. Mimi nilibaki kwa ukoo wa baba, kama ilivyokuwa desturi. Simsemi vibaya baba mdogo, alinilisha na kunivisha. Ila kwa miaka sita sikumwona mama, na nilipojaribu kuukumbuka uso wake nilipata kitambaa cha kichwani tu na sehemu ya shavu.

Wiki chache kabla ya habari ya lori, mama mmoja muuza dagaa alipita kijijini kwetu na salamu. Alinivuta pembeni, akaniambia macho ya mama yanafunga. La kulia lilishafunga. La kushoto linaona watu kama wamesimama ndani ya moshi, na ukimsogelea sana ndipo anakuona. Daktari wa macho alipita mara moja akasema wamechelewa kumleta.

"Anasema uende akuone," yule mama aliniambia. "Siyo wewe ukamwone yeye. Yeye akuone wewe, sasa hivi, jicho halijafunga. Umesikia?"

Nilisikia. Jioni ileile nikamwomba baba mdogo ruhusa. Kirando ilikuwa mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, mafuta ya magari yalikuwa ya kutafuta kwa tochi, na baba mdogo alisema tungoje ulezi uvunwe. Kwa hiyo mwalimu mkuu alipotangaza lori, niliona Mungu amenijibu mimi binafsi, na ameyaotesha yale maharage kwa ajili yangu. Nikawatuma wauza dagaa wamwambie mama ninakuja na lori.

Jumatatu yake akaja sista kutoka misheni. Alisimama mbele ya darasa akasema shule ya masista itachukua wasichana wachache wa kidato cha kwanza, na kwamba mwalimu amempa jina langu na hakuna jina lingine. Mtihani ni Jumamosi, saa tatu asubuhi. Jumamosi ileile.

Lazima nieleze mtihani ule ulikuwa nini kwangu. Mwaka uliotangulia, shuleni kwetu hakuchaguliwa mtoto hata mmoja kwenda sekondari. Nyumbani, wazee wa kijana mmoja wa kijiji cha pili walishakuja mara mbili kunywa pombe ya ulezi na baba mdogo, na kila nilipoingia na kata walinyamaza wakaniangalia mikono. Sikuhitaji kuambiwa walifuata nini. Nisipofanya mtihani wa sista, ifikapo masika ningekuwa jikoni kwa watu.

Nilimfuata sista kwenye pikipiki yake kabla hajaiwasha.

"Sista, shikamoo. Naomba nifanye mtihani wangu Jumatatu. Mama yangu anapofuka."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko kama angenifokea.

"Wanakuja wasichana kutoka Mwazye, wanakuja kutoka Ilemba, wengine wataanza kutembea Alhamisi," alisema. "Karatasi zinafunguliwa siku moja, mwanangu. Nitakuombea."

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Nilimpigia magoti ofisini, nikamwomba lori liondoke Jumatano. Akasema lori ni la kijiji, Jumatano linabeba mbolea. Nikaenda kwa baba mdogo, nikidhani angalau yeye atanikataza kimoja, nami nitatii na kulia kama watoto wengine. Alikuwa ananoa jembe. Hakuinua uso.

"Mama ni wako, na mtihani ni wako," alisema. "Amua."

Nilimchukia siku ile. Mtoto wa miaka kumi na nne hapewi uamuzi wa namna ile kama anayepewa kuchagua kuku wa kuchinja. Kwa siku mbili nilikwenda na kurudi kichwani. Nikiamua kwenda kwa mama, nilimwona yule kijana wa kijiji cha pili na meno yake. Nikiamua mtihani, nilimwona mama amekaa barabarani, lori linapita, anauliza kila mtoto. Nililia kisimani, nililia shambani, nililia hata kanisani, mpaka nikajichosha mwenyewe.

Aliyenitoa huko, au aliyenitumbukiza zaidi, ni rafiki yangu tuliyekaa dawati moja. Tulilingana urefu na weusi, na wote tulinyolewa nywele kishule. Yeye mama yake alikufa siku ya kumzaa. Kwanza alisema yeye atanifanyia mtihani, mimi niende Kirando. Nilicheka ingawa nilikuwa nalia, maana rafiki yangu alikuwa na moyo mzuri lakini sehemu na desimali zilimshinda kabisa, na sista alishaniona sura.

Ndipo wazo likaja, na lilikuja kichwani mwangu mimi, si mwake. Shuleni kwetu tulikuwa na mazoea. Kila mtoto alikuwa na matuta yake ya mviringo kwenye shamba la shule, na mwalimu wa zamu alipita akiita majina huku akihesabu matuta. Ukiumwa, au ukitumwa nyumbani, rafiki alikulimia tuta lako na jina lako likiitwa aliitika yeye. Mwalimu aliangalia kama tuta limelimwa, hakuangalia nani ameitika. Hatukuona ni uongo. Kwetu ule ndio ulikuwa urafiki, na asiyekuitikia tulimwita mchoyo.

"Ukaniitikie kwa mama," nilimwambia.

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa alisogea mwisho wa dawati.

"Mama wa mtu hadanganyiki."

"Haoni, anaona moshi. Aliniacha nina miaka minane. Utamwambia wewe ndiye mwanawe, atafurahi, basi. Mimi nitakwenda baadaye nikiwa na nafasi."

"Na akiniuliza?"

Nikamfundisha. Siku mbili nzima nilimfundisha maisha yangu: jina la mbwa wetu wa zamani, wimbo mama aliokuwa akiimba akisaga ulezi, siku niliyoanguka kwenye jivu la moto. Alishika yote bila kukosea, yeye aliyeshindwa sehemu. Mtu asije akaniambia nilikuwa mtoto na sikujua. Nilijua. Nilikuwa nimebanwa kona nikatoka kwa tundu nililoliona, na tundu hilo lilipita juu ya mama yangu.

Ijumaa lori likaondoka na wenzangu wakiimba juu ya magunia. Rafiki yangu hakuimba. Niliwapungia mkono mpaka vumbi likaniingia machoni, kisha nikaanza safari ya misheni. Kusi lilivuma mchana kutwa, baridi ya Juni, nami nilikuwa na sweta moja lililotoboka viwiko. Jumamosi saa tatu karatasi zikafunguliwa. Hesabu zilikuwa rahisi. Nilijibu kila swali, na nilipomaliza kabla ya wengine sikuona furaha yoyote. Sista aliyesimamia aliponipita alinigusa bega. Nilitamani aniulize kitu nimwambie yote, lakini alikwenda dawati lingine.

Jumapili nililisubiri lori shuleni. Wenzangu walishuka wananuka dagaa, wanasema wote kwa pamoja: mitumbwi, maji yasiyo na ng'ambo, samaki mrefu kama mkono. Rafiki yangu alishuka wa mwisho. Alikuwa amevaa kanga mpya juu ya sare, na alikuwa na furushi la migebuka, samaki wa ziwani, iliyokaushwa. Alivitoa vyote, hata ile kanga aliyojifunga, akanikabidhi.

"Ni vyako."

"Alijua?"

"Hakujua."

Nilimwomba asimulie. Akasema mama alimpokea barabarani akiongozwa na mtoto wa jirani. Hakumuuliza jina la mbwa wala wimbo. Hakumuuliza chochote. Alimpeleka nyumbani, akamkalisha mlangoni penye mwanga, akamshika mashavu na kumsogeza mpaka pua zikakaribia kugusana, akamtazama. Alimwambia asitikisike. Kila mara alipofuta jicho alianza upya, paji la uso, nyusi, mdomo. Jumamosi yote walikaa hivyo, wanakula, halafu anamtazama tena.

"Tulipoondoka alisema, haya, sasa hata likifunga lifunge," rafiki yangu alisema. Kisha akaanza kulia, na alilia vibaya, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa. "Usinitume tena kwa mama yako. Mimi sijawahi kutazamwa hivyo na mtu."

Sikumpa pole. Nilisikia wivu, wivu mkali wa kutaka kumpiga, na nikaenda zangu na migebuka yangu.

Mtihani nilifaulu. Wale wazee wa kijiji cha pili hawakurudi tena kunywa pombe, na baba mdogo aliwaambia watu kwa majigambo kuwa yeye ndiye aliyeniachia niamue. Nilisoma kwa masista, na kila nilicho nacho leo kimetoka kwenye ile Jumamosi. Nimejaribu kulijutia jambo hili lote kwa ujumla wake nimeshindwa. Ninajutia nusu, na hiyo nusu inatosha.

Mwisho wa kidato cha kwanza nilipata gari la misheni linaloshuka Kirando. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba, anachambua dagaa kwa vidole, pamoja na kina mama watatu jirani. Nilipiga magoti nikamwamkia. Alinivuta, akanishika kichwa, akaninusa, akacheka na kulia pamoja. Sauti yangu haikumshangaza. Alisema nimekua tangu siku ile ya lori, na mimi nikaitika, ndiyo mama, nimekua.

Akawageukia jirani zake kwa upande waliokuwa wakiongelea.

"Si niliwaambia? Ndiye huyu. Siku ile mlikuwa ziwani, hakuna hata mmoja wenu aliyemwona. Ana mwanya wa marehemu mama yangu, uleule, hapa mbele. Nilipouona nikajua damu yangu haijapotea huko juu." Akanigusa kidevu. "Cheka, mwanangu. Cheka wauone."

Mimi meno yangu yamebanana. Rafiki yangu ndiye mwenye mwanya.

Kina mama wale waliacha dagaa, wakanitazama wote watatu. Mama alikuwa ameinua uso anangoja, anatabasamu upande ambao sikuwapo. Nikafungua kinywa. Nilikionyesha kinywa changu chote, machozi yananitiririka mpaka kwenye meno. Kisha yule mkubwa wao alimtazama mama, akanitazama mimi, akarudisha mkono wake kwenye dagaa.

"Tumeuona, mdogo wangu," alisema. "Mzuri kweli."

Mama akapiga makofi kwa furaha, akaniambia nisogee nimsaidie kuchambua.