Kaa la Moto Chini ya Kopo

Mwanangu, nakumbuka asubuhi niliyokubali kuweka kaa la moto chini ya kopo la mwalimu wangu. Ingerudi leo, ningekataa.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi hapa Ngara. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikitoka Nyamiaga kwa baiskeli kwenda kambini kumsaidia mwalimu mmoja Mrundi. Kwao alifundisha uhandisi; kambini alikusanya wanafunzi waliokatishwa masomo, akaendelea nao. Vifaa hakuwa navyo, ila kipimajoto kimoja cha zebaki. Tulichukua kopo la mafuta ya msaada, tukatia maji na mabati madogo yanayozunguka kama feni, tukalizungushia maganda makavu ya kahawa ili joto lisipotee. Jiwe lililofungwa kamba iliyoviringishwa kwenye mhimili wa mabati likishuka, mabati yanazunguka, maji yanapata joto. Mwanafunzi anaona mwenyewe kazi ikigeuka joto.

Joto lenyewe lilikuwa dogo mno. Mwalimu alilifurahia hivyohivyo.

Wakaja wageni wa kuamua kama darasa lisaidiwe. Kabla hawajaingia, mwanafunzi mmoja, rafiki yangu, akaninong'oneza, "Wewe, hawa hawakupanda milima yote hii kuja kuona zebaki inajikuna. Weka kaa, nani atajua?"

Nikaweka.

Jiwe likashuka, zebaki ikapanda mbio, maganda yakaanza kufuka moshi. Darasa likaangua kicheko. "Leo jiwe linapika ugali!"

Mwalimu akazima moto. "Mtuwie radhi," akawaambia wageni, "tunaanza upya." Akatia maji baridi, akawaonyesha joto lilelile dogo, bila aibu. Namshukuru Mungu, darasa lilisaidiwa.

Wageni walipoondoka, akaniita pembeni.

"Mdogo wangu, mikono yako ni mizuri. Nilitaka kuwaomba wakutafutie nafasi chuo cha ufundi. Sasa ningewaambia nini?"

Hakunifukuza. Alinifundisha mpaka aliporudi kwao, na kila ninachojua kuhusu joto nimekipata kwake. Popote alipo, namshukuru.

Basi mwanangu, unayesomea uhandisi na kujiundia vifaa kwa makopo na kamba: kipimo kikikupa jibu dogo, liandike dogo, hata wakubwa wakiwa wamesimama mbele yako. Mungu aibariki mikono yako, akufikishe mwisho wa masomo yako.

Nafasi ile alipewa kijana mwingine. Mimi nilitamani uhandisi maisha yangu yote, na sikuusoma.