Magadi Juu ya Asidi

Wanafunzi walimwita mwalimu wao wa kemia Litimasi, kama ile karatasi ya kupimia asidi, maana akiudhika uso ulibadilika rangi kabla mdomo haujafunguka. Alifundisha kemia kwa chaki tu: asidi huku, besi kule, mshale, kisha chumvi na maji. Ubaoni hakuwa na mpinzani.

Siku ya somo la betri alitaka waone kitu cha kweli. Akaleta vipande vya shaba na zinki, nyaya, balbu ndogo, na asidi kali kutoka kwa fundi betri. Mtoto wa dada yake, aliyesoma darasa hilo, akajitokeza kusaidia.

“Mama mdogo, niongeze maji?”

“Hapa mimi ni mwalimu.”

Darasa likaangua kicheko. “Haya, Mwalimu, niongeze?”

“Ongeza,” akasema, macho yakiwa kwenye nyaya.

Kila mwaka alikuwa akiandika kwamba asidi ndiyo hutiwa kwenye maji, kidogo kidogo, kamwe si maji kwenye asidi. Msichana akamimina maji kwenye asidi; ikachemka, ikamrukia mkononi. Bomba lilikuwa pale pale mlangoni. Lakini Litimasi alikumbuka ubao: besi, kama magadi, huzima asidi. Akachota magadi, akamsugulia. Povu likafura, na joto lake likamzidishia mtoto maumivu. Wenzake ndio waliomkokota hadi bombani.

Mwalimu mkuu akaja mbio. “Nani kafanya haya?”

“Mimi,” msichana akajibu, mkono ungali majini. “Sikuambiwa. Nilikuwa nacheza.”

“Kesho uje na mama yako. Wachezaji hawasomi sayansi hapa.”

Darasa zima lilikuwa limesikia ile “ongeza”, na darasa zima likamtazama mwalimu wao. Yeye akayatazama maji ya bomba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huu alikuwa ameubeba mtoto.

Asubuhi dada yake akaingia ofisini kwa mwalimu mkuu akimfokea bintiye. “Mtoto mtundu wewe! Unamwaibisha mama yako mdogo kazini kwake!” Kisha akamshika Litimasi mikono yote miwili. “Ahsante, mdogo wangu. Usingemwahi na dawa, mkono ungekwisha.”

Afadhali angemzaba kofi. Mwalimu mkuu alikuwa ameshashika kalamu amwondoe msichana kwenye sayansi.

“Usiandike, Mkuu,” Litimasi akasema. “Mimi ndiye niliyemwambia aongeze. Na ile haikuwa dawa. Nilimchoma mara ya pili.”

Dada akaiachia mikono yake.

“Na jana, mtoto alipokuwa anajisingizia, wewe ulikuwa wapi?” dada akauliza.

“Nilikuwa nimesimama karibu naye.”