Binti wa Bure

Wajukuu zangu wakirudi kutoka shuleni na kuniambia wamecheza mchezo wa kuigiza na watu wakawapigia makofi, mimi huwauliza swali moja: kuna mzee yeyote aliyesimama kuwasahihisha? Wakisema hapana, nawaambia basi hamjacheza kitu. Wananicheka. Nawaacha wacheke, kwa kuwa hawakuwapo.

Nilisoma zamani za Mdachi, katika shule ya misheni upande wa Kongwa. Ilikuwa shule kubwa kuliko zote tulizozijua, ingawa kwa macho ilikuwa nyumba ndefu ya tembe tu, kuta za udongo na paa la udongo, na mvua ikinyesha tulihamisha madawati kwanza, tukamwomba Mungu baadaye. Sisi wanafunzi hatukuwa watoto. Tulikuwa vijana tulioanza kuota ndevu, tumechaguliwa kutoka vishule vya vijijini ili tufundishwe kuwa walimu.

Mkuu wetu alikuwa padri wa Kizungu wa Kianglikana, mwenye mke na mtoto mchanga, mtu mwema mwenye hasira za karibu. Alikuwa na kinanda cha upepo alichokipenda kama mtu anavyompenda mtoto mgonjwa. Mchwa walikuwa wamekila upande mmoja, kwa hiyo baadhi ya sauti hazikutoka kabisa. Padri alipofika kwenye sauti iliyokufa aliijazia kwa mdomo wake mwenyewe, kwa nguvu, kisha akaendelea kupiga. Tulizizoea nyimbo zile pamoja na kelele zake, na mpaka leo nikizisikia zikiimbwa vizuri naona kuna kitu kimepungua.

Katika kuimba, ugomvi wetu naye haukuisha. Sisi Wagogo hatufundishwi kuimba kwa sauti nyingi. Mmoja akianza, mwingine anaingia juu yake, mwingine chini yake, kila mtu anatafuta palipo wazi anakaa. Padri alitaka kila mtu ashike njia aliyopewa asiiache. Tulijaribu, wallahi tulijaribu, lakini ubeti wa pili ulipofika palikuwa na sauti ambazo yeye hakuzigawa. Alisimamisha wimbo na kuuliza, "Nani ameongeza?" Tukatazamana. Alidhani ni utukutu, kumbe ilikuwa ni koo tu.

Mwaka ule, baada ya mavuno, padri alitangaza sikukuu ya shule. Wazazi wangealikwa, na Bwana Shauri, yule mkubwa wa serikali, angetoka bomani kuja kututazama. Siku hiyohiyo nilipata habari kutoka nyumbani. Baba atakuja, na akiondoka ataondoka na mimi.

Kaka zangu walikuwa wamekwenda kujenga reli, na ng'ombe wa baba hawakuwa na mchungaji. Baba hakuipenda shule tangu mwanzo. Alisema haoni faida ya kumkalisha kijana mwenye miguu mizima. Mama ndiye aliyenililia mpaka nikaruhusiwa. Sasa niliona yamekwisha. Nilikuwa nimeonja kusoma, na nilikupenda kusoma kiasi cha kuona haya kusema hivyo, maana kwetu mtu husema anapenda ng'ombe. Sikulala vizuri, sikula vizuri, na mlenda wa shule ulinishinda kuumeza kuliko kawaida yake.

Hapo ndipo padri aliponipa mchezo wake. Alikuwa ameutunga mwenyewe, juu ya mahari. Jambo hili lilimkera sana, akiamini kwamba tunauza mabinti zetu. Katika mchezo, mshenga anakuja kwa mzee tajiri kumposea kijana, anaahidi ng'ombe wengi, na yule mzee anajibu, "Sitaki ng'ombe. Upendo unatosha. Mchukueni bure." Kisha kinanda kinalia, tunaimba, watu wanaongoka, wanakwenda nyumbani. Mimi nilipewa kuwa yule mzee kwa sababu sauti yangu ilikuwa nzito.

Nikamwambia, "Bwana Padri, hakuna mtu atakayesema maneno haya."

"Ndiyo maana utayasema wewe," akanijibu.

Siku ikafika. Watu walijaa uwanjani, wengine wakapanda juu ya paa la tembe wakakaa kule miguu ikining'inia. Bwana Shauri alikaa kwenye kiti, kofia kichwani. Wanawake walikuwa wamekatazwa kuja na ngoma, lakini niliona nguo zimevimba mapajani mwa kila aliyekaa. Na mbele kabisa alikaa baba yangu, mkuki juu ya magoti, ndewe za masikio zikimfika karibu na mabega. Nilimwamkia, akaitikia huku akitazama pembeni. Ni lazima niseme baba alikuwa nani. Babake alikuwa akitoza misafara iliyopita nchini kwetu hongo, ule ushuru wa njia, na baba alirithi ulimi ule wa kudai. Posa yoyote iliyokwama kwetu, aliitwa yeye.

Bibi harusi alikuwa mwanafunzi mdogo kuliko wote, amefunikwa kitambaa cha meza cha mke wa padri. Mshenga alikuwa rafiki yangu kutoka Kondoa, mtoto wa wafanyabiashara. Aliingia, akaketi, akaahidi ng'ombe. Nikavuta pumzi nikasema, "Sitaki ng'ombe. Upendo unatosha. Mchukueni bure."

Wazee wakainamiana kunong'ona. Kisha mzee mmoja akauliza kwa upole, kama anayeuliza habari za mgonjwa, "Ana kasoro gani?"

"Labda ana kifafa," akajibu mwingine.

"Mwondoeni hicho kitambaa tumwone!"

Chini ya kitambaa bibi harusi akaanza kulia. Baadaye aliniambia alijua kabisa kwamba yeye ni mvulana, lakini kutolewa bure mbele za watu kulimuuma hivyohivyo. Padri alikuwa nyuma ya kinanda akininong'oneza, "Rudia! Hawakusikia!" Walikuwa wamesikia vizuri. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, mambo yakaharibika zaidi.

Mzee aliyekaa karibu na baba akamgeukia. "Huyu si mwanao?"

Baba alikuwa akitazama chini, katikati ya miguu yake. "Alikuwa," akasema.

Neno lile lilinichoma. Kuchukuliwa shuleni nilikuwa nimejiandaa nako, lakini si kuondolewa katika ukoo. Nikamgeukia mshenga nikamwambia, "Keti vizuri. Nilikuwa nakupima, nione kama una adabu ya kukataa. Hukukataa. Sasa tuanze."

Yule wa Kondoa macho yakamng'aa. Nadhani alikuwa akiisubiri nafasi hiyo tangu azaliwe. Akataja ng'ombe wachache, nikamcheka. Akaongeza, nikamwuliza ni ng'ombe au ni mbuzi waliopanda juu ya kichuguu. Nikadai mitamba, wala si fahali wazee. Nikadai ya mjomba, maana mjomba asipokula posa haijakwisha. Nikadai ya bibi aliyembeba binti mgongoni. Maneno yalitoka yenyewe, na yote yalikuwa ya baba. Niliyasikia nyuma ya zizi toka nikiwa mtoto, nikidhani sisikilizi. Wazee wakaanza kunipa shauri. Baba peke yake hakusema, lakini alikuwa ameinua kichwa, na kila nilipokaza yeye alikaza taya.

Padri akapiga kinanda ili atufunike. Watu wakamgeukia wote pamoja wakamwambia, "Nyamaza, bado hawajakubaliana!"

Tulipokubaliana, ngoma zikatoka chini ya nguo. Wanawake wakazibana mapajani wakazipiga, vigelegele vikapanda mpaka paani, na sisi waimbaji tukaingia na wimbo wa padri, kila mtu na sauti yake aliyojiongezea, na safari hii hakuna aliyeuliza ni nani. Bwana Shauri alicheka hata kofia ikaanguka. Alimpa padri mkono akamwambia huu ni mchezo wa kwanza wa misheni ambao hakuusinzilia.

Padri alitabasamu mpaka mgeni alipoondoka. Kisha akaniita chumbani kwake. "Kusanya vitu vyako," akaniambia. "Umelivuruga fundisho lote. Hapa huna nafasi."

Nilikuwa bado nimesimama pale baba alipoingia.

"Mbukwenyi," akasalimu. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha misafara, "Bwana Padri, mimi nilikuja kumchukua kijana. Sasa nimeona kazi yenu. Nilikuwa sijui kama mnawafundisha kudai. Abaki."

"Hatukumfundisha hilo!" akasema padri.

"Usijishushe, bwana. Nimeona kwa macho."

"Mzee, mimi namfukuza!"

Baba akamtazama. Kisha akaketi chini, akalaza mkuki sakafuni, akaweka fimbo juu yake. Nikajua kimewaka. "Sema unachotaka," akasema.

"Sitaki kitu chochote."

Baba akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Hata mwanangu alianza hivyohivyo."

Akaanza kuzungumza polepole, kana kwamba hana haja. Aliuliza habari za nchi ya padri. Aliuliza kwa nini chai ya nyumba ile ni nyeusi. Akasema kwake yuko ng'ombe mmoja, ana doa jeupe usoni, amezaa juzi. Moyo wangu ukaruka. Huyo nilimchunga mimi tangu akiwa ndama.

Mke wa padri, aliyekuwa mlangoni na mtoto mchanga begani, akauliza, "Anatoa maziwa kiasi gani?"

Padri akamtazama mkewe, akanitazama mimi, akatazama dari. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo, "Na ndama wake je?"

Baba akanigeukia, uso umemjaa furaha. "Unaona?" akaniambia. "Hata yeye anajua."

Nilimsindikiza mpaka njia ya kwetu inapoanza. Nilitaka kumshukuru nikashindwa, kwetu mtoto hamshukuru baba kama mtu wa dukani. Nikamwuliza tu, "Na ng'ombe waliobaki, atawachunga nani?"

"Mimi," akasema, akatia mkuki begani akaenda zake.

Aliwachunga mwenyewe, mzee wa kuitwa kwenye posa za watu, nyuma ya mikia ya ng'ombe pamoja na watoto wa jirani, mpaka magoti yalipomkataa. Mimi nikawa mwalimu. Na hadi leo mtu akiniambia sisi wa zamani tulibahatika, misheni ilitusomesha bure, hasira hunipanda hata wajukuu wanakimbilia nje. Wengine sijui. Mimi sikutolewa bure.