Jeanne Hapandi

Evaristi Nsabimana alikuwa na pikapu kuukuu, Toyota nyeupe, aliyobebea maharage na abiria kati ya Kasulu na Kibondo. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, na gari hilo ndilo kitu cha kwanza cha maana ambacho familia ilikipata huku. Alilipenda hadi hakutaka kusikia ubaya wake.

Kwa hiyo masika ya mwaka 1995, magurudumu ya mbele yalipoanza kulia kila akikanyaga breki, hakujali. Kilio kikageuka mkwaruzo wa chuma kwa chuma. Mkewe, Jeanne, akamwambia, "Baba Sophie, gari linasaga kitu."

"Ni tope tu, mama. Litatoka."

Siku waliyokwenda harusini Kibondo, Jeanne alikaa mbele. Kwenye mteremko wa kushukia mto Malagarasi Evaristi alikanyaga breki, mguu ukazama hadi chini. Akakanyaga tena, hakuna kitu. Akapunguza gia, injini ikanguruma, lakini gari likazidi kukimbilia daraja. Akalipeleka kwenye ukingo wa udongo. Yeye alitoka na michubuko. Jeanne alivunjika mkono wa kulia, na kule hospitali ya Kabanga wakamfunga plasta.

Tangu hapo Jeanne hakumlaumu hata mara moja. Hilo ndilo lililomnyima Evaristi usingizi.

Gari liliponyooshwa bodi, aliagiza pedi mpya za breki kutoka Kigoma mjini na kuamua kuzifunga mwenyewe, uani. Jeanne alitoa kigoda akakaa kumtazama, mkono ukiwa umening'inia shingoni kwa kitenge. Evaristi aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akalegeza nati, akapiga jeki, kisha akasukumia gogo chini ya chesisi, jeki isije ikamsaliti. Alizitoa pedi za zamani, akazigeuza mkononi. Hazikuwa na kitu. Kilichobaki ni bati tupu, limeng'aa kama kisu kilichonolewa.

"Nionyeshe," Jeanne akasema.

Alitamani kuzitupa kwenye migomba. Akampa. Jeanne alipitisha kidole juu ya bati, akamrudishia.

Evaristi aliendelea na kazi. Alisukuma pistoni, ile inayobana pedi, irudi ndani taratibu, akiangalia mafuta ya breki yasifurike kwenye kikopo chake. Pedi ya kwanza aliiweka kinyume, akaitoa, akaanza upya. Alipomaliza pande zote mbili akaingia kwenye usukani, akakanyaga. Mguu ukazama hadi chini, vilevile kama siku ile. Akakumbuka kwamba pistoni zilikuwa bado hazijazifikia pedi. Akapampu, akapampu, mpaka breki ikawa ngumu chini ya mguu. Alibaki amekaa humo, paji la uso juu ya usukani.

"Imekuwaje?" Jeanne akauliza.

"Imeshika."

"Haya."

Siku ya kwenda kutolewa plasta, Evaristi aliwasha gari mapema na kumfungulia mlango. Jeanne alitoka amevaa kandambili, kikapu mkono wa kushoto.

"Panda, Mama Sophie. Nimelijaribu kila mteremko wa hapa Kasulu."

"Oya," akakataa kwa Kirundi. "Nitatembea."

"Hadi Kabanga?"

"Hadi Kabanga."

Akaanza njia. Evaristi hakujua afanye nini, akamfuata na gari nyuma, gia ya kwanza, kwa mwendo wa miguu yake. Wapita njia walicheka wakidhani wamegombana. Hakuna aliyegombana. Kwenye mteremko Jeanne alisogea pembeni kabisa, mpaka kwenye majani, akasubiri gari lipite. Evaristi aliushuka mteremko, akalisimamisha gari chini kabisa, likatulia. Jeanne akaja polepole. Alifika dirishani, akalitazama gurudumu la mbele muda mrefu.

"Mkono unauma," akasema. "Chukua kikapu."

Akakipokea, akakiweka kwenye kiti cha mbele. Jeanne akaendelea kwa miguu.